Effie wa Basi na Njia ya Mlimani

Kwetu Camasbàn akina MacRae ni wengi kuliko milango ya nyumba, kwa hiyo jina la ukoo halimsaidii mtu. Ukiuliza alipo Effie MacRae, utaulizwa, yupi? Ukisema Effie wa Basi, hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole mpaka ile nyumba nyeupe iliyo peke yake mwisho wa ghuba, pale barabara inapochoka na kugeuka njia ya kondoo.

Aliendesha basi la shule tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha, na walipomstaafisha yeye wakalistaafisha na basi. Karibu kila mtu mzima wa huku kwetu aliwahi kukaa nyuma ya kisogo chake pua ikimchuruzika. Baba yangu, Lachlann, aliwahi kushushwa njiani kwenye mvua kwa kosa la kutema mate dirishani. Sasa ana mvi na ni mzee wa kanisa, lakini akimwona Bibi Effie anajifuta mdomo kwanza ndipo amsalimie.

Mumewe, Farquhar, alifariki kabla sijazaliwa. Bibi Effie ana binti mmoja tu, Rhona, anayekaa mjini Inverness, na kwa muda mrefu Rhona alikuwa na wimbo huo huo: mama, hamia mjini. Alishamtafutia nyumba ya chini isiyo na ngazi, yenye joto linalotoka ukutani, karibu na duka na zahanati. Bibi Effie akisikia habari za joto la ukutani anakunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Siku nitakayolikosa gari ndiyo siku nitakayoikosa nyumba," alikuwa akiniambia. "Kwa hiyo gari silikosi."

Na ni kweli. Duka liko nyuma ya kilima, kanisa liko nyuma ya duka, na mwisho wa ghuba hapaishi mtu asiye na gari, labda awe kondoo.

Jumamosi moja ya Septemba Rhona alimwita mama yake kwa chakula cha mchana, na sote tulijua kwamba baada ya supu ingekuja habari ya nyumba ya mjini. Bibi Effie alikuwa na mpango wake. Angefika Inverness kwa gari lake dogo jekundu, akiliendesha mwenyewe, aliegeshe chini ya dirisha la Rhona na kupiga honi. Baada ya hapo nani angethubutu kumwambia kwamba amezeeka?

Mimi aliniita nimsindikize. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa haendi popote bila kunipigia simu kwanza. "Marsaili, vaa koti, tunatoka." Nilikuwa naringa nalo hilo shuleni. Nina maswali mengi, watu wengi huchoka nami mapema, na huyu hapa mtu mzima aliyekuwa ananitaka pembeni yake na maswali yangu yote. Tena yeye ndiye aliyekuwa anauliza zaidi. Wale kondoo wa nani? Bahari ina rangi gani leo? Nani yule amesimama pale kwa Murdo? Nami najibu, najibu, huku nimejaza peremende nyeupe shavuni, zile anazonyonya kanisani mahubiri yakirefuka.

Tulipofika njia panda alisimama. Kulia ni barabara ya chini, pana, ya magari mawili, inayokufikisha mjini upesi. Kushoto ni Bealach, njia ya mlimani, gari moja kwa upana, kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa.

"Leo twende ya chini, Bibi," nikasema. "Nipite madukani kabla hatujaenda kwa Rhona. Viatu vyangu vya mpira vimefumuka."

"Ya chini hapana."

"Kwa nini?"

"Ukipita chini unaona nini? Matako ya lori la magogo, kutoka hapa mpaka Inverness. Mungu kajisumbua kuumba milima yote hii, wewe unataka kutazama matako ya lori."

"Lakini tutachelewa."

"Nani amewahi kufa kwa kuchelewa?"

"Mwalimu wetu wa hesabu anasema ya chini inaokoa—"

"Mwalimu wako wa hesabu nilimbeba miye. Kila kona alikuwa anatapika. Mambo ya barabara usimsikilize yule."

Akakata kushoto. Nilicheka, nikafungua dirisha kidogo. Ukweli ni kwamba hata mimi naipenda Bealach. Vile vichaka vya mlimani vilikuwa bado na rangi ya zambarau, maji yanashuka kwenye miamba kama nyuzi, na nyuma yetu bahari inazidi kutanuka kadiri unavyopanda. Wageni hutoka mbali kuja kuipita njia hii. Nilidhani na yeye anaifuata kwa ajili hiyo hiyo.

Kwenye njia ya gari moja kuna adabu zake, na sisi huzijua kabla ya kujua kusoma. Kila baada ya mwendo mfupi barabara inapanuka kidogo, pana kibao, hapo ndipo pa kupishania. Aliye karibu napo ndiye anayeingia na kungoja, au anarudi nyuma mpaka apafikie. Anayepita anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kushukuru, na anayengoja anainua chake. Ukipita bila kuinua kidole, habari zako zitafika dukani kabla yako.

Bibi Effie anainua kidole kuliko mtu yeyote. Siku hiyo, tukipita shamba la Murdo, aliinua kidole kwa robota la nyasi lililofungwa plastiki nyeusi.

"Bibi, umelisalimia robota."

"Lina adabu kuliko Murdo," akasema.

Nikacheka tena. Nani asingecheka?

Tulipishana na watu wanne, na wote walikuwa tayari wamejibanza kwenye sehemu za kupishania, wametulia, taa zimewaka ingawa ulikuwa mchana mweupe. Dada wa posta. Kijana wa mitego ya kaa. Nesi. Fundi wa maji. Hakuna hata mmoja tuliyemkuta akija. Wote walikuwa wanangoja. Na hilo pia halikunishangaza, maana ndivyo ilivyokuwa kila nikipanda gari lile: Bibi Effie hasimami, watu ndio wanaosimama. Nilidhani ni heshima. Amewabeba wote, basi wanampisha.

Karibu na kilele ukungu ulishuka.

Kwetu ukungu hauji polepole. Ulikuwa hauko, kisha ukawa umekaa juu ya boneti. Nyuma ya kioo kulibaki weupe mtupu. Ukingo wa barabara sikuuona, wala kile kibao tulichokuwa tunakikaribia. Hata wipa sikuiona vizuri. Nikakaa sawa, nikaushika mkanda, nikangoja apunguze mwendo. Kila dereva hupunguza. Baba huinama mpaka pua inagusa kioo.

Bibi Effie hakupunguza. Hakuinama. Hakuwasha taa. Alikuwa katikati ya hadithi ya mtoto mmoja aliyepanda na mwanakondoo kwenye begi, na aliendelea nayo kwa sauti ile ile. Mikono yake iliuzungusha usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena taratibu, kwenye kona ambazo mimi sikuziona kabisa.

Niliutazama uso wake. Alikuwa anatabasamu, akitazama mbele kama mtu anayetazama mbele.

"Bibi Effie," nikasema, "ukungu huu umezidi."

"Ukungu upi?"

Sijui niwaeleze vipi. Nikatazama nje, weupe. Nikamtazama tena. Naye alijua amekosea jibu, kwa sababu aliacha hadithi, na kwa mara ya kwanza siku ile mguu wake uligusa breki.

"Ah, huu," akasema. "Huu nao ni ukungu?"

Yale maswali yote yakanirudia mara moja. Nani yule, kondoo wa nani, bahari ina rangi gani. Nilikuwa nikiulizwa kwa sababu haoni. Muda wote ule macho ya gari lile yalikuwa mimi, nami nilikuwa nikitazama nje upande wangu, nanyonya peremende, nahesabu mwewe.

"Bibi, simama."

"Hapa hapasimamwi, ni kwenye mteremko. Mbele kuna—"

Taa mbili zikatokea ndani ya weupe, kubwa, juu juu, katikati ya njia. Yeye aliziona kwa namna yake, maana aliinua kidole kushukuru. Alidhani ni mtu wa kwetu aliyejibanza kumpisha. Lakini taa zilikuwa zinakuja.

Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likasota, likapinda kidogo, likasimama. Lile la mbele likasimama pia, likiwa karibu kiasi kwamba niliwaona wadudu wadogo waliokufa kwenye bampa yake. Lilikuwa moja ya yale magari yenye kitanda na jiko ndani ambayo wageni hukodi. Upande wangu, nilipofungua mlango, nyasi zilikuwa chini ya mguu, na baada ya nyasi hapakuwa na kitu.

Kabla sijatoka nilichomoa ufunguo. Sijui nani aliniambia. Mkono wenyewe uliuchomoa.

Mwanamume mrefu alishuka, rangi imemtoka. Nyuma yake mke wake. Walikuwa Waholanzi.

"Mbona hamna taa?" akauliza. "Mbona mlikuwa mnakuja tu?"

"Rudi nyuma," Bibi Effie akamwambia kupitia dirishani, kwa sauti ile ya basi. "Sehemu ya kupishania iko nyuma yako."

"Iko nyuma yetu sisi, Bibi," nikasema. "Tumeipita sasa hivi."

"Mimi kurudi nyuma siwezi," Mholanzi akasema. "Gari nimelichukua jana."

"Basi nitarudi mimi. Njia hii nimeirudi kinyumenyume na watoto ishirini wanaoimba. Marsaili, nipe ufunguo, toka nje, piga bati nikikaribia ukingo."

"Hapana."

"Nini?"

"Sikupi."

Nilikuwa nimesimama kwenye lami iliyolowa, ufunguo umo ndani ya ngumi. Sijawahi kumwambia hapana mtu aliyewahi kumshusha baba yangu kwenye mvua. Alifungua mlango akatoka, akiushika ubavu wa gari kwa kiganja, na nikaona jinsi alivyotanguliza mguu kuitafuta ardhi. Mara ngapi nilimwona akitoka vile nikadhani ni magoti?

Ndipo nyuma yetu ukatokea mwanga wa njano unaowaka na kuzima. Gari jeupe lenye picha ya samaki ubavuni likaingia polepole kwenye sehemu ya kupishania, likazimwa. Akashuka Tormod, ambaye sisi humwita Tormod Samaki, na buti zake za mpira na aproni yake.

Nilifurahi karibu kulia. Mtu mzima amefika.

"Kuna tatizo?" akauliza, kama mtu aliyetukuta tunachuma uyoga.

"Huyu mtoto kaninyang'anya ufunguo," Bibi Effie akasema.

Tormod alinitazama mimi, akawatazama Waholanzi, akatazama buti zake. "Marsaili," akasema kwa upole, "mpe bibi ufunguo wake."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Tormod, haoni."

Ilikuwa kama nimevua nguo kanisani. Mwanamke wa Kiholanzi aliweka mkono mdomoni. Tormod alianza kukagua tairi la mbele la Bibi Effie, lile lisilokuwa na kasoro yoyote.

"Aliniuliza 'ukungu upi'," nikaendelea, kwa sababu ulimi ulikuwa umeshafunguka. "Amesalimia robota. Haoni, Tormod. Angetuua."

Bibi Effie hakunitazama. Alikuwa amegeuza uso upande wa Tormod, kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho.

"Tormod," akasema, "Jumamosi wewe si huwa unauza upande wa kaskazini?"

"Kwa kawaida, ndiyo."

"Sasa huku unafanya nini?"

"Nilikuwa na mteja."

"Nani? Juu huku? Unawauzia kulungu?"

"Mama Effie, mimi..." Akavua kofia, akaivaa tena. Tormod ni mtu mzuri, lakini kudanganya hakujui. "Leo ni zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

Upepo ulikuwa umeanza kusukuma ukungu vipande vipande. Nakumbuka kondoo mmoja alitokea, akatutazama, akapotea. Tormod alizungumza akiwa anautazama ukingo wa barabara. Akasema mtu yeyote akiliona gari jekundu linatoka, hupiga simu dukani. Dukani nao huwapigia watu walioko njiani, ili wajibanze mapema na wawashe taa. Na mmoja hufuata nyuma, kwa mbali, endapo. Hakumalizia endapo nini.

"Tangu lini?" Bibi Effie akauliza.

"Tangu ulipompita mchungaji wa kanisa ukamsalimia kwa jina la mbwa wake."

"Na mchungaji naye yumo?"

"Yeye Jumatano."

Mimi nilikuwa nasikia, lakini kichwani maneno yalikuwa hayakai. Watu wanne wale. Nesi, jamani, nesi mzima. Walikuwa wamekaa na taa zao wanangoja kipofu apite, kisha wanainua kidole.

"Na baba yangu?" nikauliza. "Baba anajua?"

Tormod alinigeukia, na nikaona kwamba sasa yeye ndiye aliyeshangaa. "Lachlann kapita barabara ya chini, yuko kule upande wa pili, kwenye daraja. Anangoja mpite. Kwani hukujua? Marsaili, sisi wote tulidhani unajua. Si ndiyo maana unapanda naye? Wewe ndiye macho."

"Nani aliniambia?"

"Tulidhani baba yako kakwambia."

Baba alinifunga mkanda asubuhi ile. Alinisaidia kuuvuta, maana unakwama, akagonga paa mara mbili, akasema, "Haya, mwangalie bibi." Nami nikamjibu, sawa. Mwangalie bibi. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yenyewe. Kwetu hapa mtu akiwa na jambo la kumwaibisha, hatulisemi. Tunalizunguka kwa heshima, kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyelisema, mpaka mtoto wa watu anakaribia kuanguka mlimani kwa sababu ya heshima.

Nilimtazama Bibi Effie nikitegemea hasira. Nilijiandaa kwa hasira. Lakini alikuwa ameegemea gari, mikono imelegea, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

"Nilidhani barabara imekuwa tupu," akasema. "Kila nikipita, kimya. Nikawa namwambia Rhona, vijana wamehama, nchi imeisha, njia nzima ni yangu peke yangu." Akageukia kule tulikotoka. "Kumbe mlikuwa mnajificha."

"Si kujificha, Mama Effie."

"Nesi amekaa shimoni na dawa za watu ndani ya gari, ananingoja mimi niende kunywa supu. Hiyo inaitwaje, Tormod?"

Tormod akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Nilijua macho yamekwisha," akasema, sasa kwa kunielekea mimi. "Naona pembeni kidogo, na pembeni napo ni kama maziwa. Lakini njia naijua. Nilidhani nawaweza. Nilidhani nawadanganya wote." Akacheka kidogo, bila furaha. "Hata mmoja sikumdanganya, ila wewe."

Akalizunguka gari kwa kiganja, boneti, taa, ubavu. Tormod alikimbilia mlango wa kushoto.

"Usinifungulie. Mkono haujavunjika." Akaufungua mwenyewe, akakaa mahali pangu, akavuta mkanda unaokwama. "Mpe ufunguo huyo, Marsaili. Tormod, gia ya tatu ina kiburi, usibishane nayo. Na wewe kaa nyuma unyamaze. Maneno yako ya mwaka huu umeshayamaliza."

Nilimpa. Tormod akalirudisha gari mpaka sehemu ya kupishania, likaingia pembeni mwa lake, na Waholanzi wakapita polepole, mke akituangalia kwa dirisha la pembeni mpaka ukungu ukawameza. Samaki tuliwaacha pale juu, gari limefungwa.

Kwenye daraja baba alikuwa amekaa ndani ya gari letu, taa zinawaka, chupa ya chai juu ya dashibodi. Alipomwona Tormod kwenye usukani alitoka taratibu sana.

"Umengoja sana, Lachlann?" Bibi Effie akauliza.

"Hapana, nimefika sasa hivi tu," baba akasema.

"Muongo. Nilikushusha kwa dogo kuliko hilo." Akashuka. "Tormod, rudi kwa samaki wako. Atakupandisha fulani akipita. Lachlann, ingia hapa uendeshe, twende kwa Rhona. Lako liache."

Baba akajifuta mdomo. Alipoingia, aliniona kwenye kioo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima ya kushuka, na yote yaliniishia. Nikasema tu, "Uliniweka humu, baba."

Alikigeuza kile kioo kidogo. "Nilikuwa mbele yako kila mara," akasema. "Kila mara nilikuwa kwenye daraja."

"Mimi nilikuwa juu."

Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye masikio, na mkono wake ulipokwenda kwenye gia ulikosa mara mbili. Bibi Effie hakumkosoa.

Inverness gari liliegeshwa chini ya dirisha la Rhona, lakini hakuna aliyepiga honi. Rhona alitoka na aproni, akamwona mama yake upande wa abiria, na nikaona bega lake likishuka kama mtu aliyetua ndoo.

"Sioni, Rhona," Bibi Effie akasema kabla hajafika mlangoni. "Nakwambia hapa hapa, wala silizunguki. Kuendesha nimeacha leo."

Rhona alikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Alikikunja, akakikunjua. "Mama," akasema, "macho yako nayajua tangu mwaka jana. Ndiyo maana ya nyumba ya chini."

"Uliniambia ni kwa ajili ya joto la ukutani."

"Ningekwambiaje?"

Nilikaa kwenye ngazi. Rhona naye. Binti wa kumzaa, na amekuwa akituma picha za mabomba ya joto la ukutani badala ya kusema neno moja.

"Kwa hiyo nchi nzima ilijua," Bibi Effie akasema. "Vizuri. Sasa sikiliza. Mjini siji. Mchungaji ana Jumatano yake, Tormod ana Jumamosi yake, huyu Lachlann ana siku yake na daraja lake. Zamu wameshazipanga bila kuniuliza. Basi wasinikimbilie mashimoni tena, wanibebe. Gari hili hapa, walitumie. Kama wakishindwa, wanitamkie kwa mdomo kwamba wameshindwa, nami nitakuja kulala kwenye hayo mabomba yako."

"Tunaweza," baba akasema haraka.

"Wewe utasema unaweza hata ukiwa unazama. Rhona amuulize Tormod. Yule hajui kudanganya."

Rhona aliangalia gari jekundu, akamwangalia mama yake. "Mpaka baridi iishe," akasema. "Tuone watakavyofanya. Baada ya baridi tunazungumza tena, na tunazungumza kweli."

"Kweli," Bibi Effie akasema.

Tukaingia. Supu ilikuwa ya samaki wa moshi na viazi. Na huwezi kuamini, kabla mvuke haujaisha kwenye sahani, baba na Rhona walikuwa wameanza kuzungumza habari za hali ya hewa. Kama itanyesha. Kama upepo umegeuka. Mimi nilikuwa nimekaa mdomo wazi, nikiwatazama watu hawa ambao ndio ndugu na majirani zangu.

Bibi Effie alikuwa anapapasa kitambaa cha meza, vidole vinatembea polepole kuizunguka sahani. Baba aliangalia dari. Rhona aliangalia dirisha, akasema labda kesho kutakuwa na jua.

"Kijiko kiko kulia kwako, Bibi," nikasema. "Zaidi kidogo. Hapo."

Mazungumzo ya hali ya hewa yalikatika. Akakishika, akakiinua.

"Asante," akasema, kwa sauti ya kusikika mezani pote. "Na chumvi?"